Kitunguu Saumu Hakishiki Nafasi ya Chanjo

Simama kwenye duka lolote la dawa za mifugo kando ya barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Makambako hadi Uyole, uulize vifaranga wakishuka kwenye basi waanzishiwe nini. Jibu halitofautiani sana: glukosi, vitamini, na OTC kwa siku tatu hadi tano. Vifaranga hawaumwi. Dawa ni ya "kinga". Siku ya saba wanachanjwa kideri, siku ya kumi na nne gumboro, na katikati ya chanjo hizo ratiba nyingi zinazozunguka kwenye simu za wafugaji huingiza antibayotiki tena, mara Trimazin, mara tylosin, kisha Esb3 ili kuhara damu kusitokee. Kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki tano au sita. Anayefuata ratiba ya namna hiyo mstari kwa mstari anamnywesha kuku dawa kwa sehemu kubwa ya uhai wake, naye hajawahi kuugua hata siku moja.

Upande wa pili wapo walioamua kuachana na pakiti hizo. Hao huponda kitunguu saumu, hukata shubiri mwitu, huchemsha mwarobaini, hukausha majani ya mlonge, hutia pilipili kichaa kwenye maji. Maduka nayo yameiona biashara: zimeingia chupa zilizoandikwa "asilia" ambazo nyingine hazitaji kilichomo wala nguvu yake. Wenye banda la kuku mia mbili Chimala, Igurusi au Mafinga wanauliza swali moja: je, vitu hivi vinaweza kushika nafasi ya antibayotiki?

Swali limeulizwa vibaya. Kabla ya kutafuta wa kushika nafasi, lazima tujue mwenye nafasi alikuwa anafanya kazi gani. Nikiangalia jinsi dawa zinavyotumika katika mabanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini naona kazi nne tofauti zimerundikwa ndani ya pakiti moja. Kuna kutibu ugonjwa wa bakteria, ambayo ndiyo kazi yake halali. Kuna kuhangaika na magonjwa ya virusi, ambayo antibayotiki haiyawezi kabisa. Kuna kuficha makosa ya banda, joto na chakula. Na kuna kuharakisha ukuaji. Kila kazi ina mrithi wake, na ni katika moja au mbili tu ambapo mrithi huyo anatoka shambani au jikoni.

Tuanze na virusi, maana ndiko wanakokufa wengi. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, kikiingia kijijini kwa kuku wa kienyeji wasiochanjwa kinaweza kufagia karibu banda zima ndani ya siku chache, hasa miezi ya kiangazi. Mfugaji anaona kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, anakimbilia OTC. Wakifa anasema dawa ilikuwa feki. Wakibaki watatu anasema dawa imesaidia. Jirani yake aliyewapa pilipili naye amebakiwa na watatu, na anasimulia vivyo hivyo kuhusu pilipili yake.

Hili halijaachwa kwenye masimulizi tu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wakiongozwa na M.M.A. Mtambo, walichapisha matokeo ya jaribio la mchanganyiko ambao wafugaji wetu wanautumia: pilipili kichaa, limau na mpungate. Kuku waliambukizwa kideri kwa makusudi, wakapewa mchanganyiko huo kwenye maji. Haukuwakinga. Miaka mitatu baadaye, R.K. Waihenya, Mtambo na wenzao walijaribu utomvu wa shubiri mwitu. Hapo kulikuwa na kitu: kuku walioanza kuinywa kabla ya kuambukizwa walikufa pungufu kuliko wasiopewa. Lakini waliendelea kufa. Shubiri hiyohiyo ilipojaribiwa kwa homa ya matumbo ya kuku, ambayo husababishwa na bakteria, ilionyesha nguvu zaidi. Kwa hiyo bibi aliyeitia kwenye maji ya kuku wake hakuwa mjinga. Ila mmea wenye nguvu kiasi kwa ugonjwa mmoja haugeuki kinga ya ugonjwa mwingine kwa kuwa tu yote mawili yanaharisha.

Mrithi wa kazi hii ya kupambana na virusi ni chanjo, na kwa kideri tunayo inayotufaa. Aina iitwayo I-2 ilitengenezwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, na Peter Spradbrow na wenzake, ikikusudiwa nchi ambazo jokofu halipatikani kila kijiji. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Hakuna kitunguu saumu, tangawizi wala OTC inayokaribia kazi ya tone hilo. Nimeanza na kideri kwa makusudi. Mfugaji akiziba shimo hili, nusu ya hofu inayomfanya anunue antibayotiki inaondoka, na hapo ndipo anapoweza kuongea juu ya mimea kwa utulivu.

Kazi ya kuficha makosa ndiyo kubwa zaidi, na Chimala ni mahali pazuri pa kuielewa. Mji uko pembezoni mwa bonde la Usangu, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Ukiacha lami ukashika barabara ya Matamba, maarufu kwa kona zake 57, unapanda ukuta wa mlima na kutokea kwenye baridi ya Makete, njia ya kuelekea Kitulo ambako uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi. Kwa gari ni mwendo mfupi tu. Kwa kifaranga ni dunia mbili.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35. Kule juu, usiku wa Juni, bruda yenye jiko moja la mkaa lililozimika saa nane za usiku ni hukumu ya kifo. Vifaranga hujazana, wa chini hukosa hewa, walioponea hupata baridi ya tumbo, kitovu ambacho hakikufunga vizuri huoza, na asubuhi mwenye banda anaona manyoya yamenata nyuma kwa kinyesi cheupe. Anawapa dawa. Wengine wanapona, kwa sababu kweli bakteria wameingia. Lakini chanzo kilikuwa mkaa. Huku chini Chimala kosa ni la upande wa pili: joto la mchana, kuku wanakunywa maji mengi, vinyweshea vinavuja, na matandazo yanalowa. Vimelea vya kuhara damu vinahitaji unyevu na joto ili mayai yao yakomae yawe tayari kuambukiza, na banda la namna hiyo linavipa vyote viwili. Huko ndiko Esb3 na amprolium zinakoishia, mzunguko baada ya mzunguko, ilhali kinachotakiwa ni reki ya kugeuza matandazo, kinyweshea kilichoinuliwa hadi usawa wa mgongo wa kuku, na maranda makavu. Maranda si tatizo katika ukanda huu: Mafinga kuna viwanda vya mbao vinavyoyatupa, na Chimala yenyewe ina maganda ya mpunga kila kona ya mashine ya kukoboa.

Mashine hizo ndizo zinazonileta kwenye chakula. Pumba za mpunga ni rahisi kupatikana Mbarali kuliko chochote, na wafugaji wengi wanachanganya chakula wenyewe kwa pumba hizo, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti kutoka upande wa Iringa au Singida, na dagaa. Si kosa. Ila mashine ndogo zinazokoboa kwa mpito mmoja huchanganya pumba laini na ganda lililosagika, na ganda ni kifusi tumboni mwa kuku. Pumba laini zenyewe zina mafuta mengi ambayo huchacha ndani ya siku chache baada ya kukobolewa, na fosforasi yake nyingi imefungwa katika hali ambayo kuku hana kimeng'enya cha kuifungua. Kuku anakula anashiba, halafu mifupa ni laini, manyoya hayakai, kinyesi hakishikani. Ongeza sumukuvu kutoka kwenye mahindi na mashudu yaliyoanikwa vibaya. Taifa lilishtushwa na sumukuvu mwaka 2016, watu walipougua na kufa Dodoma na Manyara, lakini kwa kuku hutenda kazi kimyakimya: inaharibu ini na kudhoofisha kinga ya mwili, kiasi kwamba hata chanjo iliyotolewa sawasawa inaweza isishike. Mfugaji anasema "nimechanja na bado wanaumwa", na jibu la dukani ni antibayotiki nyingine. Hapa mimea nayo haina la kufanya. Kitunguu saumu hakiondoi sumukuvu kwenye mahindi.

Kazi ya kuharakisha ukuaji ina historia inayofaa kusimuliwa kwa ufupi. Mwaka 1948 Thomas Jukes na Robert Stokstad, wakiwa kwenye kampuni ya dawa ya Lederle huko Marekani, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa vifaranga. Waliwalisha mabaki ya utengenezaji wa antibayotiki ya aureomycin, na vifaranga wakakua kupita matarajio ya vitamini peke yake. Ndipo dunia ikaanza kutia dawa kidogokidogo kwenye chakula cha mifugo wazima. Uingereza ilipata onyo rasmi mapema, ripoti ya Swann ya 1969. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote kuanzia tarehe 1 Januari 2006, Marekani ikafuata 2017 kwa dawa zilizo muhimu kwa binadamu, na China 2020.

Tunaojiuliza kama kuku wataacha kukua tuiangalie Denmark, ambako wafugaji wa kuku wa nyama waliacha kwa hiari mwanzoni mwa 1998. Vifo havikupanda, kilo za kuku kwa kila mita ya mraba hazikushuka, na chakula kilichohitajika kutoa kilo moja ya nyama kiliongezeka kiasi kidogo mno. Lakini msomaji asiachiwe nusu ya habari. Kuku wa Denmark waliendelea kupewa dawa za kuzuia kuhara damu kwenye chakula, kama salinomycin, ambazo pia huwabana bakteria wa utumbo wanaosababisha vidonda. Na mabanda yao yalikuwa safi tangu awali. Faida ya antibayotiki katika ukuaji hupungua kadiri banda linavyokuwa safi. Palipo pachafu ndipo inapoonekana kubwa. Ndiyo maana mfugaji wetu huapa kwamba dawa "inawachangamsha". Inawachangamsha kweli, na kinachosemwa hapo ni hali ya banda.

Sasa virutubisho vya asili vyenyewe, vikishawekwa mahali pake. Uwezo wao uko kwenye utumbo: kupunguza bakteria wabaya, kuwapa nafasi wazuri, kusaidia usagaji wa chakula. Si kila kimoja kina ushahidi sawa, na mimi sivipi heshima sawa.

Kitunguu saumu kina jina kubwa kuliko vyote, na kemia yake ni ya kweli. Kikipondwa hutoa alisini, inayoua bakteria wengi kwenye bakuli la maabara. Tatizo ni vipimo. Majaribio mengi yaliyoona faida yalitumia unga mkavu wa nusu hadi asilimia moja ya chakula. Kuku wa nyama hula kama kilo tatu na nusu hadi kuuzwa. Asilimia moja ya hapo ni gramu 35 za unga, yaani karibu gramu 90 hadi 100 za kitunguu kibichi kwa kuku mmoja. Kwa kuku 200 ni kilo 18 hadi 20. Mfugaji aliyeponda punje tano kwenye ndoo ya lita ishirini ametia harufu. Na akizichemsha, ameua hata hicho kidogo, kwa maana alisini haivumilii moto. Apige hesabu hiyo kwa bei ya kitunguu saumu sokoni siku hiyo, kisha aamue. Kwa kuku wa nyama mara nyingi hesabu inakataa.

Pilipili ni hadithi nzuri zaidi. Mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius walionyesha kwamba mlango wa neva unaotufanya sisi tuhisi moto wa pilipili, kwa kuku haufunguki kwa kemikali hiyo. Kuku anakula pilipili kichaa kama anavyokula mtama. Katika majaribio ya maabara, pilipili kwenye chakula imepunguza kuota kwa salmonela ndani ya vifaranga. Ni kiungo chenye sababu ya kuendelea kuchunguzwa, hasa kwa kuku wa mayai ambao pilipili huwaongezea pia rangi ya kiini. Dawa ya kideri, tumeshaona, siyo.

Mafuta ya mimea yenye harufu kali, ya karafuu, mdalasini, oregano na taimu, ndiyo yaliyoshika soko la Ulaya baada ya marufuku. Yana kemikali zinazojulikana na yanaweza kupimwa kwa gramu. Sisi tuna karafuu za Unguja na Pemba, na inashangaza kidogo kwamba chupa za namna hiyo zinatufikia kutoka nje. Lakini mafuta yaliyopimwa kiwandani ni jambo moja, karafuu zilizochemshwa kwenye sufuria ni lingine. Nguvu ya sufuria hubadilika kila siku.

Mlonge niuondoe kwenye kundi la dawa kabisa. Ni chakula. A.M.V. Kakengi na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio la kuku wa mayai hapa Tanzania, unga wa majani ya mlonge ukichukua nafasi ya mashudu ya alizeti, na ulifanya vizuri zaidi ukiwekwa kwa kiwango kidogo, kama asilimia kumi. Aliye na miti kumi ya mlonge nyuma ya nyumba anapata protini na vitamini A bila kulipa. Hiyo ni faida tosha. Hakuna haja ya kuuvika joho la tiba.

Nikiulizwa nichague kimoja kwa Chimala, nachagua kuchachusha. Mwaka 1973 Esko Nurmi na M. Rantala wa Finland, nchi ambayo ilikuwa imepigwa na salmonela kwenye kuku miaka miwili kabla, waliandika katika jarida la Nature kwamba kifaranga akipewa bakteria wa utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya, salmonela inakosa pa kukaa. Kifaranga wa mashine hakukutana na mama, ameingia duniani na utumbo mtupu. Atakayewahi ndiye atakayemiliki. Unapomwanzishia OTC siku ya kwanza unafyeka kiwanja hicho kabla hakijapandwa kitu. Badala yake, chakula kilicholowekwa siku mbili au tatu kwenye chombo kilichofunikwa, kikaanzishwa kwa vijiko vichache vya maziwa mgando ambayo Usangu, nchi ya ng'ombe, haikosi, hujaa bakteria wa maziwa na asidi yao. Majaribio ya Uholanzi miaka ya mwanzo ya 2000 yaliona chakula kilichochachuka kikipunguza uwezekano wa kuku kuambukizwa salmonela. Uchachu huo pia hulegeza ile fosforasi iliyofungwa kwenye pumba. Mfugaji anatumia kile kilichopo, pumba, maji na maziwa, na gharama yake ni ndoo mbili. Sharti lake moja halina huruma: kiliwe siku hiyohiyo. Kwenye joto la Chimala, kilichobaki kwenye chombo hadi kesho yake kinaota ukungu, na hapo umetengeneza sumu badala ya kirutubisho. Machicha ya pombe ya komoni nayo yana hamira nyingi na kuku huyapenda. Yapewe mabichi, kidogo, siku ileile ya kukamua.

Siki au ndimu kwenye maji hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa kupunguza bakteria kwenye vinyweshea. Usitumie vinyweshea vya bati, vitaliwa na asidi.

Wapenda asili hawapendi kusikia upande wa madhara, lakini lazima usemwe. Shubiri ikizidi huharisha, na kinyesi chepesi hulowesha matandazo, na matandazo mabichi tumeshaona yanaleta nini. Mwarobaini mwingi huwafanya kuku wakatae chakula na huumiza ini. Kwenye wilaya zetu za parachichi, Rungwe, Njombe na kwingineko, majani yamejaa kila mahali, na yamewahi kumvutia mtu anayetafuta kijani cha bure: majani ya parachichi yana sumu inayoshambulia moyo wa ndege. Yasikaribie banda. Mkaa uliosagwa hunasa sumu, lakini hunasa na vitamini. Na chanjo ya kwenye maji, kama ya gumboro, ina virusi hai. Siku hiyo maji yasiwe na dawa, mimea, siki wala klorini, ila unga wa maziwa yasiyo na mafuta unaotiwa kuilinda. Nimeona ratiba za mitandaoni zikiweka chanjo na kitunguu saumu kwenye ndoo moja. Hiyo ni kutupa hela mara mbili.

Yupo atakayeuliza: kwa nini basi tujisumbue, kama OTC ni rahisi na inafanya kazi? Jibu liko hospitalini. Trimazin ina sulfa na trimethoprim. Septrin ya binadamu ina sulfa na trimethoprim. Enrofloxacin ikiingia mwilini mwa kuku sehemu yake hugeuka ciprofloxacin, ileile tunayoandikiwa sisi. Bakteria aliyejifunza kuishinda dawa bandani haanzi upya akifika kwa mchinjaji, mpishi au mtoto anayefagia banda. Na Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe yakiwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa inayoongoza nchini. Wengi wanaoishi na virusi hivyo huandikiwa septrin ili wasipatwe na magonjwa nyemelezi. Hakuna mahali Tanzania ambapo kuichezea familia hiyo ya dawa kwenye ndoo za kuku ni hatari kuliko hapa. Majirani zetu wamefika mbali zaidi: mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda ilikiri mbele ya wabunge kwamba dawa za kufubaza VVU zilikuwa zikitumiwa kunenepesha kuku na nguruwe. Dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yanasema vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu wake. Serikali yetu imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu tangu 2017, na wa pili unaishia 2028. Mpango uko kwenye karatasi. Pakiti iko kaunta, na anayeinunua haulizwi cheti.

Pamoja na hayo, simo kwenye kundi la wanaotaka antibayotiki itoke bandani kabisa. Kuku wenye homa ya matumbo, mafua makali au kipindupindu cha kuku wana haki ya kutibiwa, na kuwaacha wateseke kwa jina la asili ni ukatili na hasara. Tofauti ni kwamba dawa ije baada ya ugonjwa kujulikana, kwa kipimo kamili, kwa siku zote zilizoandikwa, na mayai na nyama visubiri hadi siku za kusubiri ziishe. TVLA ina kituo Iringa. Kuku wawili watatu waliokufa asubuhi, wakifungwa vizuri na kuwekwa kwenye ubaridi, wanaweza kupasuliwa wakatoa jibu ambalo pakiti tano za kubahatisha haziwezi kulitoa. Mtafiti wa SUA H.E. Nonga na wenzake waliandika tangu 2009 na 2010 juu ya mabaki ya dawa kwenye nyama na mayai ya Morogoro. Hatuna sababu ya kudhani kwamba chipsi mayai ya stendi za barabara yetu ni safi zaidi.

Kwa hiyo mwenye kuku mia mbili Chimala, shilingi yake ya kwanza iende kwenye chanjo. Ya pili iende kwenye mkaa na thamometa ya bruda, ya tatu kwenye maranda makavu na vinyweshea visivyovuja, ya nne kwenye chakula kisicho na ukungu chenye premiksi halisi. Kuchachusha chakula aanze kesho, hakumgharimu zaidi ya ndoo mbili. Chupa ya "asilia" isiyotaja kilichomo asiinunue hata kidogo. Akishayamaliza hayo na bado ana hela ya kitunguu saumu, anunue, akijua kwamba ananunua nyongeza.

Wanaobaki nje ni wale wenye kuku kumi wa kienyeji, ambao ndio wengi vijijini. Chupa moja ya chanjo ya I-2 inatosha kuku mia na zaidi na haikai muda mrefu ikishafunguliwa, hivyo mtu wa kuku kumi hawezi kuinunua peke yake. Halmashauri za Mbarali, Makete, Mufindi na jirani zao zina maafisa mifugo na zina wenyeviti wa vijiji. Ziweke tarehe tatu za kuchanja kwa mwaka, kijiji kizima kwa siku moja, kila kaya ichangie kwa idadi ya kuku wake, na tarehe ya kwanza iwe kabla kiangazi hakijaanza.